Mikumi hadi Kilosa: Bei ya mtoto wa mbwa ianze na chanjo, si jina la kizungu

Mji wa Mikumi haulali mapema. Malori yanayokwenda Zambia hupumzika kando ya barabara kuu, mabasi ya Iringa na Mbeya hupita, na hapo hapo ndipo barabara ya Kidatu na Ifakara inapochepuka. Jirani na mji kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Anayelala hapa ana sababu mbili za kutega sikio usiku: watu asiowajua wanaoshuka barabarani, na wanyama wasiojua mpaka wa hifadhi unaishia wapi.

Ndiyo maana kufuga mbwa si anasa kwa familia nyingi za huku. Kinachobadilika siku hizi ni aina ya mbwa anayetakiwa. Baba anataka German Shepherd au Rottweiler, kama yule aliyemwona nyumbani kwa ndugu yake Dar es Salaam. Watoto wameshaona video kwenye simu. Mama anauliza swali la maana zaidi: ni shilingi ngapi, na akishafika atakula nini?

Muuzaji hawezi kulijibu swali hilo peke yake. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye njia yenyewe, kutoka Mikumi hadi Kilosa, kwa sababu mazingira ya huku yana sauti kubwa katika kuamua kama mbwa wa bei kubwa atakua au atazikwa kabla ya kufikisha mwaka.

Mbung'o hachagui mwenye cheti

Aliyewahi kufungua dirisha la gari ndani ya hifadhi ya Mikumi anamfahamu mbung'o. Inzi huyu anayenyonya damu hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaofahamika zaidi kwa ng'ombe. Wazazi wengi hawajui kwamba mbwa pia huugua. Hupata homa, hukosa hamu ya kula, hukonda, uso unaweza kuvimba na macho yakaingia ukungu wa rangi ya buluu.

Mbwa wa kienyeji, ambaye wengi humwita mbwa koko, ametokana na vizazi vingi vilivyoishi na mbung'o na kupe. Ingawa naye huugua, mara nyingi huhimili kuliko mbwa wa mbegu ya kigeni. Mbwa aliyezaliwa mjini na kuletwa pembezoni mwa hifadhi anakutana na vimelea hivyo kwa mara ya kwanza. Kupe nao wana magonjwa yao yanayoshambulia damu.

Kwa hiyo familia ya Mikumi inayolipa fedha nyingi kwa ajili ya mbegu inanunua pia udhaifu wa mbegu hiyo. Si lazima waache kununua. Ila lazima bei hiyo iende pamoja na fedha ya dawa ya kupe na mbung'o kila wakati inapohitajika, na daktari wa mifugo anayepatikana kwa simu.

Kuna jambo jingine kwa wanaopakana na hifadhi. Mbwa asiyechanjwa ni hatari hata kwa wanyamapori. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa, ambao huenezwa na mbwa wa nyumbani, uliua takriban simba 1,000 katika eneo la Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko. Mikumi ina simba na mbwa mwitu. Chanjo ya mbwa wa nyumbani inalinda watoto na inalinda pia wanyama wanaoleta watalii na ajira mjini.

Mbwa wa Ulaya, na Ulaya ya Kilosa

Ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilosa, safari ya zaidi ya kilomita 70, utafika Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, yenye mashamba na mifugo kama kata nyingine. Mbwa koko aliyezaliwa hapa ana haki zote za kuitwa mbwa wa Ulaya, na hakuna atakayemtoza mtu laki tano kwa ajili ya jina hilo.

Utani huo una somo ndani yake. Mnunuzi wa mbwa wa mbegu mara nyingi analipia neno. German Shepherd alianza kusajiliwa kama aina rasmi Ujerumani mwaka 1899, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Anayedai kuuza mbegu halisi anapaswa kuwa na kumbukumbu za wazazi na mababu wa mbwa huyo. Katika ukanda wetu kuna chama cha usajili cha East Africa Kennel Club, chenye makao yake Nairobi. Pasipo karatasi za usajili, kinachouzwa ni mtoto wa mbwa anayefanana na German Shepherd. Anaweza kuwa mbwa mzuri sana, lakini bei yake isiwe ya mwenye karatasi.

Tena mtoto wa mbwa wa wiki sita ni vigumu kumtambua kwa macho. Masikio ya German Shepherd huwa bado yamelala katika umri huo, na mengi husimama kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Manyoya meusi na kahawia hayathibitishi lolote. Chotara naye huwa nayo.

Karatasi peke yake nayo haitoshi. Mbegu halisi zina magonjwa yake ya kurithi, na German Shepherd anajulikana kwa ulemavu wa nyonga. Ndugu wakizalishwa wao kwa wao ili mbegu isipotee, hatari huongezeka. Uliza kama baba na mama wa watoto hao wana undugu.

Kilosa: mwone mama yake kwanza

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya kati inapita hapa, na tawi la kwenda Kidatu kupitia Mikumi linaanzia hapa. Sasa treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, nayo ina kituo Kilosa. Kwa mnunuzi wa mbwa hii ni habari njema: kufika Morogoro au Dar es Salaam kwenda kumwona mbwa kabla ya kulipa si safari ngumu tena.

Hata hivyo wapo wanaotuma fedha kwa simu, kisha wanakwenda kusubiri boksi kutoka kwenye basi. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtoto wa mbwa aliyesafiri saa nyingi kwenye boksi, bila maji na katika joto, anaweza kufika akiwa mgonjwa, na muuzaji hapokei simu tena.

Ombi la kwanza kwa muuzaji liwe la heshima lakini lisilobadilika: "Kaka, naomba kumwona mama yao ananyonyesha, ndipo tuzungumze bei." Mama mwenye afya, asiye mkali kupita kiasi na asiyetetemeka kwa woga, ana uzito kuliko picha ya baba aliyeko nchi nyingine. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa ameshajibu.

Ombi la pili ni umri. Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Katika wiki hizo hunyonya, hupata kinga na hujifunza kutong'ata kwa nguvu anapocheza na ndugu zake. Aliyeondolewa akiwa na wiki nne huja nyumbani hajalijua somo hilo, na wa kufundishiwa wanakuwa watoto wenu.

Ombi la tatu ni kadi. Iandikwe tarehe za dawa ya minyoo, ambayo huanza akiwa na wiki mbili hivi na kurudiwa, na chanjo ya kwanza ya distempa na parvo, ambayo hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane kisha hurudiwa mpaka afikishe takriban wiki 16. Iwe na jina na muhuri wa mtaalamu aliyechanja. Piga simu kwa mtaalamu huyo ukiwa hapo hapo.

Parvo ni muhimu kuijua, hasa Kilosa. Ni kirusi kinacholeta kuhara damu na kutapika, na huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Kama mtoto wa mbwa aliwahi kufa kwa kuhara damu uani kwenu, usimlete mwingine asiyekamilisha chanjo. Sakafu ioshwe kwa dawa yenye klorini. Banda liinuliwe kutoka ardhini pia, kwa kuwa huu ni mji wa Mto Mkondoa, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hayajasahaulika.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuseme muuzaji ametaja Sh400,000. Wazazi wengi hubishania hapo tu: ashushe hadi laki tatu au la. Lakini tazama chakula. German Shepherd dume aliyekomaa hufikia kilo 30 hadi 40. Akitumia chakula cha Sh2,000 kwa siku, yaani dona, dagaa na utumbo, kwa mwaka ni Sh730,000. Kwa miaka kumi ni Sh7.3 milioni. Laki moja iliyopunguzwa siku ya kununua ni chakula cha siku 50 tu.

Kwa sababu hiyo, hesabu ianzie mwisho. Chukueni daftari, baba na mama pamoja, muandike mahitaji ya mwaka wa kwanza kwa bei za mahali mnapoishi: chakula, chanjo zote, dawa za minyoo, dawa ya kupe na mbung'o, banda, na akiba ya kumtibu akiugua ghafla. Akiba hiyo iweze kulipa pia nauli ya kumpeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ikibidi.

Toeni jumla hiyo kwenye fedha mliyonayo au mnayoweza kuweka kando bila kugusa ada ya shule na bima ya afya. Kinachobaki ndicho kikomo cha bei. Kikiwa ni laki mbili, mbwa wa laki nne ni ghali kwenu, hata kama muuzaji anasema ni bei ya kutupa. Kikiwa ni sifuri, mbwa koko kutoka kwa jirani, aliyechanjwa na kulishwa vizuri, atabweka mgeni akifika getini. Kwa nyumba nyingi, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ongeza bei kwa vitu vinavyoonekana: wazazi wote wawili wapo, kadi imejaa, karatasi za usajili zipo. Usiongeze kwa rangi, kwa jina, wala kwa maneno "amebaki mmoja tu".

Kuna gharama isiyo ya fedha pia. Katika nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi, Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, wengine wakitumia ua mmoja. Kwa majirani wengi Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Mbwa anayezurura na kugusa vyombo au nguo zilizoanikwa ataharibu ujirani wa miaka mingi. Kama hakuna uzio, zungumzeni na majirani kabla ya kununua.

Mtoto ndiye anayeng'atwa

Kati ya gharama zote, moja haipunguzwi hata kwa shilingi: chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya uhakika na karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa kawaida mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Muulizeni ofisa mifugo wa kata lini kampeni ya chanjo itapita, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, hata awe mbwa mdogo wa nyumbani anayecheza, osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake mafuta, majivu wala dawa ya majani. Mpelekeni siku hiyo hiyo: Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Kilosa kuna hospitali ya wilaya. Pigeni simu njiani kuulizia chanjo. Dozi zikianza zikamilishwe zote kwa tarehe zilizopangwa, hata kidonda kikikauka. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa kama anaweza kufungwa salama. Aangaliwe kwa siku kumi, na mtaalamu wa mifugo aarifiwe.

Watoto nao wafundishwe mapema: mbwa anayekula asiguswe, anayelala asiamshwe, na mikono ioshwe baada ya kucheza naye, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo na yanaweza kumdhuru mtoto, hata machoni.

Familia iliyolipa bei kubwa kwa mbwa na kukosa fedha ya chanjo imeleta hatari ndani ya uzio wake. Familia iliyoanza na chanjo, kisha ikanunua mbwa kwa kilichobaki, imepata mlinzi. Muuzaji atataja bei yake, hiyo ni haki yake. Kikomo mnakipanga ninyi, na kiandikwe kwenye daftari kabla watoto hawajambeba na kumpa jina.