Watoto wa Embu Wautazame Mji Kutoka Wapi?

Shule zikifungwa, wazazi wengi wa Embu huwapeleka watoto Nairobi kuona majumba marefu. Safari ni ya kilomita 120 hivi, nauli ni ya watu kadhaa na siku ni moja tu. Basi swali hili si dogo: mji huo utautazama kutoka wapi ili pesa zako zisiende bure?

Walio wengi hukimbilia jumba la KICC, na wana sababu. Jumba hilo lilikamilika mwaka wa 1973. Lina orofa 28 na urefu wa mita 105, na kileleni pana kiwanja cha helikopta ambapo wageni hulipa kiingilio na kutazama pande zote. Waliolichora ni David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik wa Norway.

Kwa urefu, KICC limekwisha kupitwa. Times Tower ilifika mita 140 mwaka wa 2000, na Britam Tower kule Upper Hill ina mita 200. Lakini usidanganywe na urefu peke yake. KICC liko katikati ya mji, nawe unaona kila kitu kikikuzunguka, hadi mbuga ya wanyama iliyo upande wa kusini. Anga ikiwa safi asubuhi, mwambie mtoto atazame kaskazini. Mlima Kenya, ule ule anaouona akienda shuleni, utamchungulia kwa mbali.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Ukiwa juu ya KICC, jumba lenyewe hulioni, na picha ya Nairobi isiyo na KICC ni kama githeri isiyo na maharagwe. Wakazi wa New York walikwisha kuling'amua jambo hili. Wapo wanaoacha jumba la Empire State na kupanda lile la Rockefeller Center, ili Empire State yenyewe iingie pichani.

Sisi tunayo Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Simama kwenye mteremko wake, nawe utaona safu nzima ya majumba mbele yako, KICC likiwemo, bila kupanda lifti. Waeleze watoto kwamba mwaka wa 1989 ilipangwa kujengwa hapo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, lakini hakunyamaza, na jumba hilo halikujengwa. Lau si yeye, mahali hapo pa kila mtu pangekuwa mlango wa ofisi za wakubwa.

Ushauri wetu ni huu. Ondokeni Embu alfajiri, mpande KICC asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Alasiri nendeni Bustani ya Uhuru, kwani jua litakuwa mgongoni mwenu, likiangaza majumba. Pigeni simu kwanza, maana mikutano mikubwa huweza kuzuia wageni, na mbebe vitambulisho kwa sababu kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni. Mkiweza, ngojeni likizo ya Desemba. Ya Agosti huwa na mawingu mazito Nairobi.

Na nauli ikikosekana? Pandeni Kilima cha Karue. Mtoto aliyejifunza kutazama kwao hatababaika akifika mjini.