Sinema za Ufilipino na za Hollywood Zilivyotazamwa Daraja Mbili

Mtu akishika njia ya kwenda soko la Daraja Mbili, katika mji wa Kisii, atapita kwanza mafungu ya ndizi, kisha mitumba iliyomwagwa juu ya maturubai, na pembeni ataona kibanda cha mabati chenye pazia jeusi mlangoni. Ndani yake mna mabenchi, televisheni moja kubwa, na vipaza sauti viwili ambavyo mvumo wake huwafikia hata wauza parachichi. Hicho ndicho kibanda chetu cha sinema. Mimi ni mteja wake wa miaka mingi, nami naomba nafasi katika gazeti hili niwaeleze wasomaji niliyoyaona humo siku hizi za karibuni, maana sinema si mchezo wa vijana tu kama wazee wengine wanavyodai.

Picha karibu zote ni za kigeni, na kwa hiyo lazima awepo mfasiri. Kenya nzima yamjua DJ Afro, ambaye huwatafsiria watu sinema za vita kwa Kiswahili cha mjini na kuwapa mashujaa wake majina ya kwetu. Watanzania walikuwa na Lufufu, na Waganda wanao wao Kampala. Wengine hudhani kazi hiyo ni ya juzi, kumbe sivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika nchi ya Tanganyika, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa filamu kama 35, nyingi zikihusu kilimo na afya, na maneno yake yalitiwa katika sahani za gramafoni kwa lugha mbalimbali ili kila kabila lisikie kwa lugha yake. Wenye jaribio walitaka watu wafundishwe. Watu, nadhani, walitaka pia kucheka. Mfasiri wa siku hizi amelielewa jambo hilo vizuri zaidi.

Nitaanza na Hollywood. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, ilionyeshwa Kisumu mwezi wa Februari, kwa kuwa Lupita Nyong'o ni mtoto wa huko. Baadhi ya vijana wa hapa walipanda matatu kwenda kushuhudia, wakarudi wamevimba kwa fahari. Mimi niliiona baadaye kibandani. Nchi ya Wakanda inapendeza mno, ila haipo. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa Atlanta huko Marekani, na lugha wanayosema ni Kixhosa cha Afrika ya Kusini. Sikuona aibu kuipenda. Lakini nilipotoka nje na kukanyaga matope ya soko, sikupata hata jambo moja la kumweleza mtu aliyekuwa na gunia lake la viazi.

Filamu nyingine ya Lupita, A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024, ilileta kichekesho ambacho watengenezaji hawakukitia. Habari yake ni ya madubwana yanayowinda kwa kusikia. Mtu akipiga chafya amekwisha. Kwa hiyo watu wa filamu hunyamaza karibu muda wote. Mfasiri wetu, ambaye hula kwa kusema, alijikuta hana kazi, akaanza kusema badala ya madubwana. Watu walicheka hata benchi moja likaanguka. Walakini sehemu moja yeye pia alinyamaza. Lupita anacheza mwanamke mgonjwa wa saratani, ambaye katikati ya maangamizi yote hayo anataka kula piza ya mtaa wa Harlem. Mwanzoni tulidhani ni upumbavu wa Wamarekani. Kumbe huko ndiko baba yake alikokuwa akimpeleka, naye baba alikuwa mpiga piano. Hapo hakucheka mtu. Naisifu filamu hiyo kuliko Wakanda, ingawa najua vijana watanipinga.

Sasa nije kwa Wafilipino. Hao hawakuingia kwetu kwa bunduki, waliingia kwa machozi. Wengi wetu tuliwajua kwa mchezo wa televisheni ulioonyeshwa kwao tangu mwaka 2000 hadi 2002, nasi tukauona baadaye kwa jina la The Promise. Humo mtumishi wa nyumba ya matajiri, jina lake Amor, anapendwa na mwana wa nyumba hiyo, kisha anafukuzwa. Miaka ikipita anarudi akiwa tajiri. Kina mama wa soko walimjua Amor kama wanavyomjua jirani. Nami naona sababu yake ni wazi. Katika filamu nyingi za Hollywood mtumishi wa nyumbani hupita na sinia, akaweka chai, akatoka. Katika filamu za Wafilipino yeye ndiye mwenye habari.

Wana sababu ya kufanya hivyo. Watu wao mamilioni hufanya kazi ng'ambo. Mwaka 1995 mtumishi mmoja wa Kifilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore kwa kosa la kuua, na wengi kwao hawakusadiki kwamba alikuwa na hatia. Nchi nzima ilichafuka. Mwaka huo huo ikatengenezwa filamu ya habari zake, akicheza Nora Aunor, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nchi za nje.

Filamu iliyonigusa kuliko zote ni Hello, Love, Goodbye ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Cathy Garcia-Molina. Kathryn Bernardo anacheza Joy, msichana aliyesomea uuguzi lakini anafanya kazi za nyumbani Hong Kong, na kwa siri anafanya vibarua vingine ambavyo sheria haimruhusu. Anataka kwenda Kanada. Kijana aitwaye Ethan anampenda na kumtaka abaki. Joy anakwenda. Filamu iliyoifuata, Hello, Love, Again, ilitoka mwezi wa Novemba 2024, ikawakutanisha tena Kanada, na ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kupata zaidi ya pesa bilioni moja, yaani pesa za kwao.

Nina la kulaumu. Bernardo ni mzuri kupita kiasi. Mtu aliyelala saa nne hana uso ule. Tena Hong Kong si Riyadh. Kule, mtumishi ana haki ya siku moja ya mapumziko kila juma, na Jumapili wanawake hujaa barabarani wakila na kusukana nywele. Ila ni lazima alale nyumbani kwa mwajiri, na mkataba ukivunjika ana majuma mawili tu kabla ya kuondoka. Saudi Arabia, sheria kuu ya kazi ya mwaka 2005 haikuwahusu watumishi wa nyumbani. Walitungiwa kanuni zao wenyewe mwaka 2013.

Nayataja hayo kwa sababu siku tulipoitazama, mpwa wangu alikuwa kando yangu. Ana umri wa miaka 24, anauza parachichi, na makaratasi yake ya kwenda Riyadh yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Wakati wengine wakimlilia Ethan, yeye aliniuliza pole pole, "Mjomba, pasipoti ya Joy inakaa na nani?"

Filamu haikusema. Jioni ile tuliutandaza mkataba wake mezani, mama yake ameshika taa ya simu kwa kuwa umeme ulikatika. Mshahara uliandikwa vizuri, kwa tarakimu na kwa maneno. Siku ya mapumziko haikuandikwa. Mwenye kushika pasipoti hakuandikwa. Mama yake alisema, "Baba, usimtishe mtoto, karo ya wadogo zake inadaiwa." Nami sikuweza kumbishia, maana karo kweli inadaiwa. Nilichofanya ni kuchukua kalamu na kuandika maswali matano katika karatasi, kwa Kiswahili safi, na nafasi ya kutia sahihi chini ya kila jibu.

Mpwa wangu aliipeleka karatasi hiyo kwa wakala siku ya pili. Alijibiwa maswali mawili kwa mdomo. Matatu aliambiwa atajibiwa akifika. Alikataa kuacha pasipoti yake pale, akarudi nayo ndani ya kanga. Mpaka naandika haya yumo sokoni na kapu lake, karatasi ya maswali ameikunja chini ya mizani, na wasichana wawili wa mitumba wamekwisha kuja kuinakili.