Nguruwe wa Bavaria, Probox ya Nkubu

Mwindaji wa Bavaria akiangusha nguruwe mwitu hakimbilii jikoni. Hukata kipande cha nyama, akakipeleka kwenye kituo cha vipimo na kungoja namba. Ikizidi bekereli 600 za siziamu kwa kilo, nyama haiuzwi: hutupwa, na mwindaji anaweza kudai fidia serikalini. Chanzo ni mvua iliyonyesha kusini mwa Ujerumani siku chache baada ya kinu cha Chernobyl kulipuka, 26 Aprili 1986.

Siziamu-137 hupungua nusu kila miaka 30 hivi, lakini nguruwe hawa hufukua uyoga unaoota chini ya udongo, mle mle ilimozama. Mwaka 2023 watafiti waligundua kwamba sehemu yake ilitokana na majaribio ya zamani ya mabomu ya nyuklia, kabla hata Chernobyl haijajengwa.

Dada mmoja wa Nkubu, muuguzi mjini Munich, alialikwa chakula huko juzi. Kabla ya kupakua, mwenyeji aliweka karatasi ya kipimo kando ya sufuria na kuisoma kwa sauti, kama sala ya chakula. Mgeni akafurahi mno. Usiku huohuo akampigia mjomba wake.

Mjomba ana Probox ya abiria, Nkubu–Meru mjini. (Wanakaa wangapi nyuma, tusiulizane.) Imetoka Japani, na tangu ajali ya Fukushima ya Machi 2011, ukaguzi wa magari ya mtumba unaofanywa huko kwa niaba ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hupima mionzi pia. Kwa hiyo karatasi ipo. Iko wapi?

“Iko kwa broka,” mjomba akajibu. “Na mionzi haibebi abiria, mama. Springi ndizo zinabeba.”

Hapo ndipo dada alipochemka. Kuanzia Maua hadi Embu, matangani, watu hubishana kuhusu saratani mpaka chai ipoe: ni dawa za miraa, ni mbolea, ni maji. Ila kipimo walichokilipia wenyewe ndani ya bei ya gari, hakuna anayekidai! Wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kinu cha nyuklia kwao, angalau waliuliza maswali.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akataka kujua kama Wajerumani hao wana mashine ya kupima petroli iliyochanganywa na mafuta taa, na inauzwa bei gani.