Flushing: Nyumba ya Marafiki

Panda treni namba 7 mjini New York hadi kituo cha mwisho, Flushing, huko Queens. Utapokewa na vibao vya Kichina na msongamano wa watu. Tembea kidogo hadi Northern Boulevard, utaona jengo la mbao lililoipa barabara kisogo. Milango yake inaelekea kusini, kwenye makaburi yenye nyasi. Ni nyumba ya ibada ya Waquaker, wanaojiita Marafiki, iliyojengwa mwaka 1694. Ndani hamna madhabahu wala mimbari, ila mabenchi na boriti za mwaloni zilizochongwa kwa mkono. Waumini wangali wanakusanyika humo, wakikaa kimya mpaka mmoja aguswe na Roho anene.

Ili nyumba hii isimame, watu waliteseka kwanza. Zama za utawala wa Waholanzi, Gavana Peter Stuyvesant alipiga marufuku kuwapokea Waquaker. Tarehe 27 Desemba 1657, wakazi 30 wa Flushing walitia saini barua ya kuikataa amri hiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mquaker. Walitetea haki ya jirani kumwabudu Mungu atakavyo, wakiwataja hata Wayahudi na Waturuki. Karani Edward Hart, aliyeiandika, alitiwa ndani.

Mwaka 1662 John Bowne alikamatwa kwa kuwafungulia Waquaker nyumba yake. Alikataa kulipa faini, akahamishwa kwa nguvu. Akafika Amsterdam, akawalilia wakuu wa kampuni iliyomiliki koloni; mwaka 1663 wakamwagiza Stuyvesant aziache dhamiri za watu. Bowne akarejea, akaishi hadi kuiona nyumba hii.

Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Uingereza liliigeuza gereza, hospitali na ghala la majani makavu. Vita vilipokwisha, Marafiki wakarudi kwenye mabenchi yao.

Msomaji wa Vihiga ana udugu na mahali hapa: wamisionari wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Ukitoka, pita mtaa wa Bowne. Kuna hekalu kubwa la Wahindu la Ganesha, na waumini wanaingia bila kumwomba gavana ruhusa. Majirani 30 walikubali kuhatarisha uhuru wao kwa ajili ya imani isiyokuwa yao, na mji mzima unaendelea kufaidi.