Safari ya Lodwar na Kakuma: Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma huuacha mto Turkwel na mikoma yake, akaingia nchi ya mawe na mchanga. Mwendo ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Jua ni kali, na mito mingi aivukayo haina maji hata tone, huitwa laga. Wakati wa ukoloni mgeni hakuingia Turkana bila kibali, na Jomo Kenyatta aliwekwa Lodwar mwaka 1959 alipokwisha kutoka gerezani Lokitaung. Siku hizi makundi ya wanafunzi, watumishi na watalii hupita, na baadhi yao hulala porini.

Laga si kavu kama ionekanavyo. Waturkana huchimba mchangani mpaka wayafikie maji, na kisima kikiwa kirefu husimama ndani yake kwa safu, wakipokezana chombo hadi juu. Basi kundi la wageni likifika jioni, huona vichaka vya ukingoni vyafaa kwa kujisitiri. Ndipo ubaya unapoanza. Watu ishirini wakijisaidia hapo usiku mmoja, uchafu wao u karibu na maji wanywayo wenyeji na mifugo yao, nao wenyeji hawana kisima kingine cha kuhamia. Mvua ikinyesha mbali, laga hufurika ghafla na kuuchukua wote. Tena huweza kuwachukua waliolala humo.

Kwa hiyo kiongozi wa safari yampasa kuchagua mahali pa choo kabla hema la kwanza halijasimama: hatua mia moja au zaidi kutoka laga na kisima, na kila mtu achimbe shimo la kina cha shubiri, kisha alifukie.

Wageni wakiharishwa hukilaumu kisima, kumbe pengine ugonjwa wamekuja nao. Mtu aweza kuchukua vijidudu vya kipindupindu tumboni bila kuumwa, akavitia katika chakula cha wenzake kwa mkono usionawa. Kipindupindu kilipozuka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2005, ilionekana kwamba walioweka maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa waliugua kwa nadra kuliko wengine, na wenye vyombo vichafu waliugua zaidi. Hivyo maji huweza kuwa safi bombani yakaharibika katika debe.

Maji ya laga yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe. Lakini kuni za Turkana ni haba, na si adabu kumaliza kuni za wenyeji. Afadhali kuchukua vidonge vya klorini, ambavyo hufanya kazi vyema maji yasipokuwa na tope. Debe liwe na mfuniko, na maji yamiminwe. Asiwepo wa kuchovya kikombe. Njugu nazo zimiminwe viganjani, mkono usiingie mfukoni. Mpishi anawe kwa sabuni, na akiharisha aache upishi siku hiyo hiyo, hata kama ndiye ajuaye kupika peke yake.

Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yasipopatikana, lita 1 ya maji salama itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo. Kuhara kukiwa kama maji ya mchele, gari ligeuzwe kuelekea hospitali iliyo karibu, Kakuma au Lodwar, usiku huo huo.