Pointi 40,000 na Mlango Uliofungwa

Uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, uko kama mita 3 chini ya usawa wa bahari. Zamani palikuwa ziwa, Waholanzi wakalikausha mwaka 1852. Lakini jioni ile ya kurudi Dar, mimi na mume wangu tulijiona tumezama chini zaidi ya hapo. Tuliwahi, pasi za kupandia ndege tunazo mkononi, halafu dada wa pale getini anasema, "Samahani, ndege imejaa."

Si unajua tena, mashirika mengi huuza tiketi nyingi kuliko viti, yakijua wapo abiria ambao hawatatokea. Wakitokea wote, lazima wengine wabaki. Siku ile tukabaki sisi, wenye kadi ya wateja waaminifu kwa miaka sita!

Wakatupa vocha. Mume wangu akaomba karatasi ya haki za abiria. Kumbe tangu Februari 2005, sheria ya Umoja wa Ulaya inasema ukinyimwa nafasi bila kosa lako kwenye safari ndefu inayoanzia huko, unalipwa hadi euro 600, pamoja na chakula, hoteli na ndege nyingine. Vocha ni mpaka wewe mwenyewe ukubali kwa sahihi yako. Tukaikataa.

Basi, viza zilikuwa bado hai, tukapanda treni mpaka mjini, kama robo saa tu. Jamani, Amsterdam usiku! Mifereji ya karne ya 17, nyumba nyembamba zenye kulabu juu ya paa za kupandishia samani madirishani, maana ngazi za ndani ni finyu mno. Tukala chipsi na mayonezi tukitembea, huku tunabishana. Yeye alitaka kadi ichanwe. Mimi nikasema pointi 40,000 ni jasho letu.

Tukaafikiana: pointi zimkatie mama mkwe tiketi akamwone mjukuu wake London, na baada ya hapo tutanunua tiketi kwa kuangalia bei na muda, si kadi.

Mpenzi msomaji, kuachwa na ndege ningesamehe. Kilichoniuma ni kufichwa haki yangu mpaka tulipouliza. Uaminifu ni wa pande mbili, getini kama ilivyo nyumbani.