Kiingereza cha filamu na blanketi ya mama mzee

Uvira, Kivu ya Kusini. Katika mtaa wa Mulongwe, kijana mmoja mwendesha pikipiki aliitwa na wenzake "Mwingereza". Pale wanapongojea wateja, ndiye aliyewafasiria maneno ya filamu za vita na polisi. Filamu nyingi zinazoonyeshwa mjini zina sauti ya DJ wa Kenya ao wa Tanzania anayeeleza mambo kwa Kiswahili juu ya sauti yenyewe. Yeye hakuzitaka hizo. Alilipa kwenye kibanda wanapotia nyimbo na filamu katika simu, akaomba zile ambazo DJ hakuzigusa.

Usiku alisikiliza, asubuhi alirudilia maneno akiwa juu ya pikipiki. Baada ya miaka mitatu alijua kusema "kimbia", "weka bunduki chini" na "lete pesa" bila kusita. Aliona Kiingereza amekimaliza.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaenda na maji. Siku za kuandika walioharibikiwa zilipofika, shirika moja lilitafuta mtu wa kumtafsiria mgeni asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Waendesha pikipiki wote walimwonyesha "Mwingereza".

Mama mzee mmoja akakaa mbele ya meza. Akahesabu vitu maji yalivyochukua: godoro, ndoo, sufuria mbili, neti ya mbu, jembe. Kijana akatafuta maneno, hakuyapata. Katika filamu zake hakuna mtu aliyewahi kununua ndoo. Akasema tu kwa Kiingereza: "Vitu vingi." Mgeni akaandika hivyo.

Kisha mama akasema: "Mwanangu, umwambie naomba blanketi. Wajukuu wanalala na baridi." Kwa Kifaransa cha shule, kuomba ni "demander". Na katika filamu, mtekaji nyara anapopiga simu, neno "demand" husikika. Kijana akaona njia mbili zimekutana, akasema: "She demands." Mgeni akainua uso, akamtazama mama kwa mshangao.

Kwa Kiingereza neno hilo si la kuomba. Ni la mtu anayedai, anayetoa masharti. Mama aliyekaa akiinamisha kichwa aligeuzwa kuwa mtu wa kuamuru, wala hakujua. Jioni mgeni alimweleza kijana kosa lake kwa upole, lakini daftari lilikuwa limekwisha fungwa. Mbele ya jina la mama pameandikwa "vitu vingi". Siku ya kugawa, alipata sabuni na sufuria moja. Kama ni neno lile lililomnyima blanketi, hakuna anayejua. Kijana ndiye aliyelibeba moyoni.

Hakuacha filamu. Alibadilisha filamu. Aliyoanza nayo ni "Queen of Katwe" ya mwaka 2016, kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyejifunza kucheza sataranji. Lupita Nyong'o anacheza kama mama yake. Mle ndani watu wanauza mahindi, wanadaiwa kodi ya nyumba, wanapika, wanagombana na watoto. Kiingereza chao ni cha Uganda, sikio la mtu wa Uvira linakishika upesi. Katika filamu moja alipata maneno ya nyumbani kuliko katika miaka mitatu ya bunduki.

Halafu akanunua mega ili kusikiliza mazungumzo ya watu mashuhuri. Aliyempenda kupita wote ni Dikembe Mutombo, aliyefariki Septemba 2024. Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alipofika chuo cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987, alijua Kifaransa na lugha za nyumbani, lakini Kiingereza karibu hakuna. Mwaka 1991 alimaliza masomo ya isimu na diplomasia, akaingia NBA mwaka uleule. Katika mazungumzo yake anasema kwa sauti nzito, na sikio linasikia kwamba ni Mkongomani anayesema. Anamkumbuka mama yake, anaeleza hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa 2007. Pale kijana alisikia jinsi mtu anavyoomba msaada kwa Kiingereza bila kuamuru: "ask", si "demand".

Sasa daftari lake lina safu tatu. Ya kwanza ni neno. Ya pili ni maana, pamoja na onyo kama neno linafanana na Kifaransa: "library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka kama "librairie". Ya tatu ni swali moja: nani alilisema, na kwa nani? Jambazi kwa polisi? Mtoto kwa mama? Mgeni kwa mwenyeji? Maneno matano kwa usiku, si zaidi, na kila moja analitafutia kitu ndani ya nyumba yake.

Kwa vijana wanaojifunza Kiingereza kwa simu, hilo ndilo la kushika: neno huja na kinywa cha aliyelisema. Ukilichukua kwa jambazi, siku moja utalitia katika kinywa cha mama yako.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una neno moja tu, limeandikwa kwa herufi kubwa: BLANKET.